Kamba Begani mwa Charlie

Picha iliyobaki vichwani mwa watu kutoka katika filamu ya The African Queen si ya busu wala ya mlipuko. Ni ya mwanamume mkondefu aliyetumbukia majini hadi kifuani, kamba imemkaa begani, akiivuta mashua katikati ya matete. Muda mfupi kabla ametoka majini akiwa amegandwa na ruba mwili mzima, ametetemeka kwa kinyaa, amenyunyiziwa chumvi ili waachie. Na kwa kuwa hapana mtu mwingine wa kuivuta mashua, anarudi kulekule. Filamu hiyo ilitoka mwishoni mwa 1951, na mwaka uliofuata Humphrey Bogart, aliyeigiza kama huyo Charlie Allnut, akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, Oscar pekee aliyowahi kuipata. Katharine Hepburn, mwongozaji John Huston na waandishi wa mchezo waliteuliwa pia. Mwaka 1994 Marekani iliiweka filamu hii katika hazina ya kazi zake za sinema zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Sifa hizo inazistahili, na tukio la ruba ni miongoni mwa sababu. Lakini hoja ya sura hii imo katika yale maneno machache: hapana mtu mwingine. Hadithi inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani, Septemba 1914. Katika vita ile, kwenye ardhi ile, hakukuwahi kuwa na mzigo uliokosa mtu mwingine wa kuuvuta.

Tuanze na kile ambacho filamu yenyewe inakionyesha, kwa sababu dakika zake za mwanzo ni za kweli kuliko watu wanavyozikumbuka. Mchungaji Samuel Sayer na dada yake Rose wana misheni ya Kimethodisti katika kijiji cha kubuni kinachoitwa Kungdu. Charlie, fundi wa mgodini mwenye mashua chakavu ya mvuke, anawaletea barua na habari kwamba Ulaya kumezuka vita. Haupiti muda askari wa Kijerumani wanaingia, wanachoma vibanda, wanawaswaga wanakijiji mbele ya bunduki, na mchungaji anapojaribu kuzuia anapigwa kwa kitako cha bunduki. Anaugua, anachanganyikiwa, anakufa. Charlie anarudi, anamzika, anamchukua Rose, na safari ya mtoni inaanza. Rose ndiye anayepata wazo la kuishambulia Louisa, manowari ya Wajerumani inayotawala ziwani, kwa mitungi ya gesi iliyojazwa baruti na kuchomekwa kwenye omo ya mashua. Kuanzia hapo sinema ni ya watu wawili. Kijiji kizima kimechukuliwa kwa nguvu kupelekwa vitani, na filamu inayoihusu vita hiyo haiulizi tena kilipelekwa wapi.

Kilikopelekwa kunajulikana. Vita ya Afrika Mashariki ilianza Agosti 1914 na kuisha tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimisha bunduki zake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia. Kati ya tarehe hizo majeshi yalipita katika nchi yenye reli chache na barabara chache zaidi, ambako farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Chakula, risasi, dawa, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, hata majeruhi kwenye machela, vyote vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa kati yao wanahesabiwa kuwa zaidi ya 95,000. Wachache sana waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na posho ya unga ambao wengi wao hawakuuzoea na hawakupewa muda wala vyombo vya kuupika vizuri. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi chao. Upande wa Wajerumani nako walikuwapo wapagazi kwa maelfu mengi, na walikuwapo wakulima ambao vyakula vyao vilichukuliwa na kila jeshi lililopita. Njaa ya Ugogo iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ni mtoto wa vita hiyo. Kwa idadi ya waliohusika na waliokufa, kubeba ndiko kulikokuwa vita yenyewe. Mapigano yalikuwa vituo vya njiani.

Sasa turudi kwenye kamba. Filamu ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na nyuma ya riwaya hiyo kuna kisa cha kweli cha Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza waliamua kuwanyang'anya Wajerumani ziwa hilo kwa boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Chini ya Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa majini mwenye majivuno yasiyo kifani, boti hizo zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji, kisha zikavushwa milima ya Mitumba kwa nchi kavu kabla ya kupakiwa tena kwenye reli na kuteremka mto Lualaba. Kulikuwa na matrekta mawili ya mvuke na makundi ya maksai. Lakini matrekta hayo yalihitaji barabara na madaraja, na barabara na madaraja vilihitaji watu wa kufyeka, kuchimba, kukata magogo na kuyapanga. Yalihitaji maji na kuni, navyo vililetwa vichwani. Na pale mteremko ulipowashinda maksai, watu walishika kamba. Mwishoni mwa Oktoba boti zilifika ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi cha Spicer-Simson kiliizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa na kuletwa katika makasha yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, Spicer-Simson hakuigusa. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, wakiwa wamezipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 wasafiri wa Kigoma na Mpulungu wameijua kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo katika kisa cha kweli kuna boti, kuna ziwa, kuna manowari ya Kijerumani, na kuna kamba. Filamu imevichukua vyote vinne, ikabadilisha bega tu. Kazi iliyofanywa na mamia ya Waafrika, wengi wao wakiwa hawakuulizwa kama wanataka kuifanya, imehamishiwa kwa mzungu mmoja mwenye fulana chafu, na hapo ndipo ilipogeuka kuwa ushujaa. Inashangaza pia kwamba Forester mwenyewe hakufika mbali hivyo. Katika riwaya jaribio la Charlie na Rose linashindwa: mashua inazama kwa dhoruba, wawili hao wanakamatwa na kukabidhiwa kwa Waingereza, na boti za jeshi la majini ndizo zinazoimaliza manowari. Riwaya inajua kwamba vita ni shughuli ya watu wengi, na kwamba nia njema ya wawili haitoshi. Waandishi wa filamu, James Agee na Huston wakiwa ndio waliotajwa, waliziondoa zile boti. Mashua iliyokwisha kupinduka inabaki ikielea na mabomu yake, Louisa inaigonga, mlipuko unatokea, na wapenzi wanaogelea wakiimba. Hata kutoka kwenye matete hawakutolewa na mikono. Wanapokata tamaa, Rose anasali, mvua inanyesha huko juu mtoni, maji yanapanda na kuinyanyua mashua hadi ziwani. Safari ambayo kihistoria iliwezekana kwa jasho la watu imefanywa iwezekane kwa neema ya mbingu. Mwandishi aliyewafuta vibarua hana budi kutafuta mtu wa kuifanya kazi yao, na mvua haidai ujira.

Waafrika hawakufutwa kabisa, na mabaki yao yanafaa kuangaliwa kwa makini. Kanisani Kungdu wanaonekana wakiimba wimbo wa dini usioeleweka, sauti zikienda ovyo huku Rose akikazana na kinanda na kaka yake akikazana na sauti, na watazamaji tunatarajiwa kucheka. Charlie anapotupa kipande cha sigara nje, wanaume wanakigombania na ibada inavurugika. Katika ngome ya Shona wapo askari wanaoipiga mashua risasi kutoka juu. Kisha kuna bisibisi. Charlie ana desturi ya kuipiga teke mitambo ya mashua yake kila mvuke unapokwama, naye anamweleza Rose kwamba ndani mle mna bisibisi iliyoangushwa na kijana mmoja wa mgodini, na hajapata wasaa wa kuitoa. Ndiyo alama pekee ya kazi ya Mwafrika iliyobaki ndani ya African Queen: hitilafu. Orodha ya waigizaji inayopita mwanzoni mwa filamu haina jina la Mwafrika hata mmoja, ingawa picha zilipigwa kwenye mto Ruiki huko Kongo, na Butiaba na Maporomoko ya Murchison huko Uganda, na ingawa mashua yenyewe ilizama wakati wa kazi ikabidi iopolewe. Upande mwingine, yale matukio ambamo Bogart na Hepburn wamo majini yalipigwa katika tangi la studio karibu na London, kwa kuwa maji ya mto yalihofiwa kuwa na maradhi. Hakuna ubaya katika hilo. Waigizaji hawaajiriwi ili waugue kichocho. Ila tukumbuke, tunapomhurumia Charlie kwenye matope, kwamba matope yale ni ya Uingereza.

Kuna jambo jingine linalofichwa na ule mwanzo wa kweli. Kwa kuwa moto wa Kungdu unawashwa na Wajerumani, mtazamaji anaondoka akiamini kwamba kuwachukua watu kwa nguvu ulikuwa uovu wa upande mmoja. Haukuwa. Katika Kenya ya wakati huo, iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, Waingereza walipitisha sheria ya kuwaandikisha watu kwa lazima mwaka 1915, na mwaka 1917 wakafanya msako mkubwa ulioongozwa na John Ainsworth, ambapo machifu walidaiwa idadi maalumu ya wanaume na kuwatoa kwa namna yoyote waliyoiweza. Tofauti kati ya Kungdu na kijiji cha Nyanza ilikuwa makaratasi. Filamu ingemwonyesha Rose, binti wa Uingereza mwenye uchungu wa haki, akikutana na msururu wa wapagazi wanaochungwa na jeshi la mfalme wake, hadithi yote ingegeuka. Hasira yake ingekosa pa kwenda. Kukosekana kwao mtoni hakukuja kwa bahati basi, wala hakutokani na uvivu wa waandishi: Charlie na Rose wanaweza kubaki safi tu ikiwa upande wao wa vita hauonekani ukifanya kazi.

Msomaji anayeipenda filamu hii, na wako wengi, atajibu kwamba hii ni hadithi ya mapenzi yenye vichekesho, na kwamba kuitaka ieleze takwimu za wapagazi ni kama kumlaumu mpishi wa chapati kwa kutokupika pilau. Jibu hilo lina nguvu, na sehemu yake ni ya kukubali. Hakuna haja ya kulalamika kwamba mto Ulanga wa kwenye filamu unamwagika ziwani ilhali Ulanga halisi, ambao pia ni Kilombero, unakwenda kujiunga na Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Msanii ana ruhusa ya kuhamisha mito. Hakuna haja pia ya kudai kila filamu ya mapenzi ibebe historia nzima ya bara. Lakini filamu hii haikuichagua vita kama pazia tu la nyuma. Ilijiwekea tarehe na nchi, ikaanza kwa kijiji kinachochomwa, ikamuua mchungaji kwa tukio hilo, na ikaifanya hasira ya tukio hilo kuwa injini ya kila kinachofuata. Charlie na Rose hawashuki mto kwa matembezi. Wanashuka kulipiza kisasi cha Kungdu. Hadithi inayowatumia wanakijiji kama sababu ya safari imeshajifunga kwao, kwa masharti iliyoyaandika yenyewe.

Wapo watakaosema kinyume chake: kwamba ukombozi wa filamu hii uko kwa Rose, na kwamba mwanamke wa mwaka 1951 anayeshika usukani, anayemwaga chupa za pombe za Charlie mtoni, anayesisitiza kwamba shafti iliyopinda inaweza kunyooshwa na pangaboi lililovunjika likaungwa kwa moto wa ukingoni, ni jambo kubwa la kutosha. Ni kweli, na Hepburn anaufanya ukweli huo uwe furaha kuutazama. Hata Charlie ni heshima kwa watu wa kazi za mikono: mlevi, mnyonge, anayenguruma tumbo mbele ya chai ya wastaarabu, lakini anayejua kila bomba la mashua yake. Ila sifa hii inaitia nguvu hoja badala ya kuipunguza. Mtu hawezi kusema kwamba watengenezaji wa filamu hii hawakuwa na jicho la kuiona kazi, uchovu, au utu wa wanaodharauliwa. Walikuwa nalo. Tukio la kufua shafti ni miongoni mwa matukio machache ya sinema ya Hollywood ya wakati ule ambamo kazi ya ufundi inaonyeshwa kwa subira na mapenzi. Jicho lilikuwapo, likaishia ukingoni mwa mashua.

Pingamizi gumu zaidi ni la wakati: kwamba tunawahukumu watu wa 1951 kwa mizani ya leo. Lingekuwa pingamizi la kumaliza mjadala kama mizani hiyo ingekuwa ya leo. Mpagazi aliyechukuliwa akiwa na miaka 20 mwaka 1917 alikuwa na miaka 54 filamu ilipotoka. Hakuwa kumbukumbu ya kale, alikuwa mzee wa baraza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni yenyewe, isiyoweza kushutumiwa kwa kuwapenda mno Waafrika, ilisimamisha jijini Nairobi sanamu tatu za shaba za kuikumbuka vita hiyo, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Dar es Salaam walimweka askari peke yake, lakini Nairobi mpagazi alionekana, akatengenezewa umbo, akawekwa barabarani. Alichohitaji Huston kukijua kilikuwa kimesimama hadharani zaidi ya miaka ishirini.

Na Huston hakuwa mtu wa kudanganyika kuhusu vita. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alilitumikia jeshi la Marekani kama mwongozaji wa filamu za hali halisi. The Battle of San Pietro, iliyotoka mwaka 1945, ilionyesha maiti za askari wa Marekani kwa uwazi uliowaudhi wakubwa wake. Let There Be Light, ya mwaka 1946, iliwaonyesha askari waliovurugika akili, na jeshi likaizuia isionekane kwa umma hadi miaka ya 1980 ilipoanza. Mwishoni mwa San Pietro, baada ya majeshi kupita, kamera inabaki kijijini. Wakulima wa Italia wanatoka walikojificha, wanarudi kwenye nyumba zilizobomoka, watoto wanaitazama lenzi moja kwa moja. Huston alijua, miaka sita kabla ya kwenda Afrika, kwamba kijiji kilichopitiwa na vita kina hadithi inayoendelea baada ya wapiganaji kuondoka, na kwamba ni kazi ya filamu kuifuata. Kamera yake hairudi Kungdu. Wala hakuhitaji kwenda mbali ili kuipata hadithi hiyo: nchi aliyopiga kambi ilitoa zaidi ya wapagazi 200,000 kwa jeshi la Wabelgiji katika vita ileile, jeshi lililofika hadi Tabora Septemba 1916. Wakongomani waliofyeka msitu na kuijengea timu yake kambi karibu na Ruiki walikuwa wana na wapwa wa kizazi kile. Kumpata mzee wa kumweleza nani huvuta mashua vitani kungehitaji mkalimani na jioni moja tu.